Tuzo ya Kituo Kisicho na Kengele

Isome hii mpaka mwisho, kisha mtumie bosi yeyote anayependa kuambiwa kila kitu kiko shwari.

Katika nchi moja kulikuwa na kituo cha umeme wa nyuklia, na Mhandisi Chausiku alikuwa msimamizi wa nyaya zake na kengele yake ya moto. Nyaya hizo zilipita chini ya sakafu kupeleka umeme kwenye pampu za kupoozea kinu. Zikiungua, pampu zinasimama, kinu kinachemka, na mji wote wa jirani umekwisha.

Nyaya zilikuwa zimezeeka, maganda yamekauka na kupasuka. Kila zilipopata joto, kengele ililia. Ikawa inalia karibu kila siku.

"Chausiku, kengele yako inatuaibisha," alifoka Meneja Mkwizu. "Waziri anakuja kutuza kituo ambacho kengele yake imelia mara chache kuliko vyote. Izime!"

"Mzee, tubadilishe nyaya."

"Nimesema izime!"

Chausiku alikataa katakata. Meneja akamtuma fundi mwingine, akaikata kengele. Halafu, kwa kuwa mgeni rasmi anakuja, mafundi waliopaka kuta rangi wakaambiwa wazipake nyaya pia. Naam, nyufa zikapakwa rangi nyeupe! Chausiku aliziona akatamani kulia kwa hasira.

Siku ya sherehe ikafika, na matarumbeta na keki. Waziri akiwa ndiyo kwanza amekabidhi tuzo, Chausiku akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliwaita wazima moto wa kituo, akashuka nao, wakapambana na moto mpaka ukazimika. Waya wa pampu moja tu ndio ulikuwa umesalimika.

Aliporudi ukumbini, mkono umebabuka, meneja akamnyooshea kidole mbele ya wageni wote.

"Msimamizi wa kengele ni wewe! Kwa nini haikulia?"

Chausiku akamjibu: "Huna haya, Mkwizu! Si wewe uliyeagiza ikatwe?"

Waziri akageuka, macho yamemtoka. "Meneja! Unazimaje kengele ya moto?"

Mkwizu akamjibu:

"Mheshimiwa, ulitangaza mwenyewe kwamba kituo kitakachokaa kimya ndicho kitakachoshinda. Mimi nimeshika nafasi ya kwanza. Waliokuwa wa pili na wa tatu, unadhani walifanyaje?"

Waziri akaanza kutafuta simu avipigie vituo hivyo.

Funzo: Ukimtuza mtu kwa sababu kengele hailii, atakata kengele na kuuacha moto.