Sauti Nyuma ya Penseli

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja, muuza vitunguu, na binti yake wa miaka tisa, Sekela. Darasani Sekela akipewa hesabu, swali la pili halijaisha, ameshachana daftari. Mwenzake akicheka, anampiga. Mwalimu mkuu akasema mtoto huyo atafutiwe shule nyingine. Mwalimu wa darasa, dada mmoja mpole, akaomba apewe wiki sita.

"Utamchapa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nataka kwanza nisikie anajiambia nini."

Akamketisha Sekela, mama akakaa nyuma yake. "Fanya hesabu hii, lakini sema kwa sauti kila kinachokupitia kichwani."

Sekela akaanza: "Sabini na mbili, gawanya kwa nne..." Penseli ikasimama. "Haya, umeshaharibu. Kichwa kama jiwe. Mtoto gani wewe? Hata mdogo wako anakushinda!"

Mama akajishika mdomo. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake, hata ile pumzi ya kuchoka kabla ya "mtoto gani wewe".

Mwalimu hakumlaumu. Alichukua penseli, akaifanya hesabu mwenyewe, akakosea makusudi. "Nimeulizwa nini? Kugawanya. Niende polepole. Aa, hapa nimekosea. Si kitu, nafuta, narudia."

Sekela akayasema maneno hayo ya mwalimu pamoja naye, kisha peke yake kwa sauti, baada ya wiki mbili kwa kunong'ona, mwisho midomo tu ikicheza. Daftari lilichanwa mara mbili tena, siwafichi. Lakini wiki ya sita alimaliza maswali kumi. Matatu alikosa. Akafuta, akarudia.

Mnadhani mama alishangilia? Alilia. "Mwalimu, na mimi atanifundisha nani? Maneno yale nilipewa na mama yangu. Mpaka leo najiambia."

Mwalimu akamsogezea kiti. "Kaa hapa, mama. Tuanze na wewe."

Sasa sisi. Watoto wakitusumbua tunawaombea, tunawachapa, tunawahamisha shule. Nani kati yetu amewahi kukaa nyuma ya mtoto wake akasikiliza? Ile sauti inayomsemesha akiwa peke yake ilitoka kwa mtu. Leo mtoto akikosea mbele yako, ujue kwamba neno utakalomwambia atabaki nalo, na siku moja atajiambia mwenyewe, wewe ukiwa hupo tena kulifuta.