Skripti Iliyouliza Kwanza

Mtu mmoja, Mbonea, alikuwa na mke aliyeuliza swali moja kila asubuhi kabla ya kubandika chai: "Leo tuko wangapi?" Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, na nyumba ilibaki na watu wawili.

"Wawili, mama, kama jana," Mbonea alijibu asubuhi ya mwisho, akicheka.

"Ya jana tumeshainywa," alisema mkewe, Nakijwa, akapima maji.

Walikunywa chai. Jioni ile moyo wa Nakijwa ulisimama.

Enzi za uhai wake Nakijwa alikuwa akiotesha miche ya kahawa. Kompyuta ndogo ndiyo iliyofungua maji ya matuta, ikifuata skripti, yaani orodha ya amri, aliyoiandika mwenyewe. Ndani ya skripti hakuweka idadi ya matuta. Aliiweka nje yake, katika kompyuta yenyewe, kama kigeu cha mazingira: jina, MATUTA, na mbele yake namba. Kila ilipoanza kazi, skripti iliiuliza kompyuta matuta ni mangapi, ndipo ikafungua maji. Tuta likiongezeka, Nakijwa alibadilisha ile namba tu. Skripti hakuigusa.

Baada ya mazishi Mbonea aliendelea kupima maji ya vikombe viwili. Kimoja alikunywa. Cha pili kilipopoa alikimwaga nje ya mlango.

Jua lilipokuwa kali kompyuta iliungua. Namkunda, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi wa mitambo, alileta nyingine na kuiwekea nakala ya skripti. Maji hayakutoka. Kwenye kioo yalitokea maneno ambayo Nakijwa aliyaandika kwa ajili ya siku kama hiyo:

"Sijaambiwa matuta ni mangapi. Niambie, nami nitafanya kazi."

Mbonea aliyasoma. Nje miche ilikuwa imelegea majani, nayo ndiyo ya mwisho aliyoipanda mkewe kwa mkono wake.

"Andika sita humo humo ndani ya skripti," alimwambia Namkunda. "Isiulize tena."

"Sita yalikuwa ya dada, shemeji. Nenda kahesabu."

Alikwenda. Matuta mawili ya mwisho yaliliwa na mbuzi siku za msiba, wakati hakuna aliyekumbuka kufunga lango. Tangu hapo, hadi kompyuta ilipoungua, maji yalikuwa yakimwagika juu ya udongo mtupu.

"Manne," alisema aliporudi.

Namkunda aliandika nne katika mazingira ya kompyuta, mahali inapopasoma kila inapowashwa, si katika dirisha la kwenye kioo linalosahau likifungwa. Maji yakatoka. Katika maneno ya Nakijwa halikufutwa hata moja.

Alipokuwa akiondoka, Namkunda aliona ardhi nyeusi kando ya mlango. "Na hapa, shemeji, umeotesha nini? Majani ya chai?"

Mbonea alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akacheka tena.

Asubuhi iliyofuata alisimama jikoni na sufuria tupu mkononi. Akauliza kwa sauti, "Leo tuko wangapi?" Akasubiri kidogo. Kisha akapima maji ya kikombe kimoja, akainywa chai yote ingali moto, huku akisikiliza maji yakiingia katika matuta manne.

Nawe, nyumba yako ikikupa leo jibu lisilo la jana, utapima kwa lipi?