Ukurasa wa Arobaini na Moja

— Karatasi, wanangu?
— Nyeupe!
— Wino?
— Mweusi!
— Umeme?
— Umekatika!
— Basi ketini. Vitabu vyenu vimekwama kwenye mashine yangu na mimi sina pa kwenda. Mama Zawena niwape habari za ukoo wetu, sisi wenye mashine ndogo.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo chao ukingoni mwa mto. Langoni mwa chuo, Kiboko alifungua stesheneri, na ndani yake mashine kubwa kama chumba. Ikiwashwa, ngurruuu-pa! ngurruuu-pa! Madirisha ya madarasa yanatetemeka. Na Kiboko anaimba:

"Ngurruuu-pa! Karatasi ni karatasi,
Mie nachapa, sisomi!"

Hilo alijivunia kuliko yote. Kazi yako ikitoka kichwa chini, atakwambia, "Kusoma ni kazi yako. Hutaki, nenda kwingine!" Lakini uende wapi? Profesa Korongo akiandaa kitini cha masomo, nakala ya kwanza anaiacha kwa Kiboko, na wanachuo wote wanatoa kopi hapohapo, wapende wasipende.

Kwingine kulikuwako, ila nani alikujua? Nyuma ya mabweni, ukishapita kamba za kuanikia nguo, Nguchiro alikuwa na kibanda. Mashine yake ndogo, inalia chwi-chwi-chwi, tii! Aliachiwa na marehemu mama yake, pamoja na desturi moja: kazi ya mtu inasomwa kwanza, ndipo inachapwa. Akiona neno limeruka, anamwita mwenyewe: "Njoo, ndugu yangu, hapa hapajakaa sawa." Nikimtaja Nguchiro kifua kinanijaa, kwa sababu desturi hiyo ndiyo tuliyorithi.

Basi Kiboko mwenye wateja wote akawatamani na wale saba wa Nguchiro. Akamwendea Bi Ngiri, msimamizi wa majengo ya chuo.

"Kile kibanda kinaziba njia," akasema. "Wateja hakina. Kibomolewe!"

Bi Ngiri akabandika ilani mlangoni kwa Nguchiro: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ya kukabidhi vitabu vya utafiti, aonyeshe majina mia ya wanachuo waliochapa kwake. Yasipotimia, kibanda chini.

Nguchiro akaisoma ilani mara mbili. Akaitazama mashine ya mama yake, machozi yakamlengalenga. Kisha akajifuta, akaingia kazini.

Wiki ya kwanza akasimamisha bango langoni. Kiboko akaja, akajikunia mgongo, kwaruu, kwaruu! Bango likaisha.

Wiki ya pili akagawa vipeperushi. Kiboko akaja, akavitafuna, nyam, nyam! Vipeperushi vikaisha.

Wiki ya tatu akatangaza kwa mdomo, "Karibuni kwa Nguchiro!" Kiboko akawasha mashine, ngurruuu-pa! Na sauti ikaisha.

Wiki ya nne, wanachuo wote wa mwaka wa mwisho walikuwa wanasubiri kitini cha Profesa Korongo cha namna ya kupanga kitabu cha utafiti kabla ya kukikabidhi. Hakuna ambaye asingekinunua. Nguchiro akaandika ukurasa mmoja, akaubana kwapani, akaenda mwenyewe dukani kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuhakikisha. Wanasema siku hizi mzee unasoma kabla ya kuchapa."

Kiboko akavimba. "Nani kasema? Mimi nisome? Mimi?"

"Ndivyo wanavyosema. Hata ukurasa huu wa kuwekwa mwisho wa kitini, nimeona nisikupe mpaka uusome uone kama unafaa."

"Ukurasa?" Masikio ya Kiboko yakasimama, maana alikuwa anatoza kwa ukurasa. "Kitini kina kurasa arobaini. Na huo?"

"Unakuwa wa arobaini na moja. Lakini usome kwanza, mzee wangu, nakuomba."

"Lete hapa! Nimesema sisomi!"

Akaunyakua, akauweka nyuma ya zile arobaini, akawasha mashine. Ngurruuu-pa! Karatasi ni karatasi! Ngurruuu-pa! Mie nachapa, sisomi! Nakala mia mbili zikatoka, na Kiboko akaziuza kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, mpaka zikaisha.

Jioni ile bwenini, Swala akafika ukurasa wa mwisho. Akapiga kelele, "Jamani, sikieni!" Akawasomea wenzake:

"Mwanachuo, kitabu chako cha utafiti atakisoma Profesa Korongo. Kabla yake, nani amekisoma? Kwa Nguchiro, nyuma ya kamba za nguo, tunasoma kwanza, ndipo tunachapa. Jirani yetu wa langoni hasomi. Kama huamini, jiulize tangazo hili limefikaje hapa."

Bweni zima likaangua kicheko. Mnaona, wanangu? Tangazo limechapwa na adui, likagawanywa na adui, na msomaji kalilipia! Mwenye mashine ndogo huyo!

Kesho yake wanachuo wakapita langoni, vitabu kifuani, makundi kwa makundi.

"Mnakwenda wapi?" Kiboko akanguruma.

"Kwingine, mzee," akajibu Swala. "Si ulituambia twende? Na njia umetuchapia mwenyewe, ukurasa wa mwisho."

Kiboko akaomba asomewe. Akasomewa. Kwa hasira akavuta karatasi iliyo karibu, akaandika mashtaka, akakimbia nayo hadi kwa Bi Ngiri, puu, puu, puu!

Bi Ngiri akasoma mbele: "Nguchiro amenihujumu." Akageuza nyuma, akakuta tangazo la Nguchiro, maana karatasi yenyewe ilikuwa masalio ya ukurasa wa arobaini na moja.

"Hili limechapwa wapi?"

"Kwangu."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Hukulisoma?"

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Kiboko aliona aibu kuimba wimbo wake.

Ijumaa ikafika. Nguchiro akafungua daftari. Majina mia moja na kumi na mawili! Bi Ngiri akaing'oa ilani kwa mkono wake, na kibanda kipo mpaka leo, chwi-chwi-chwi, tii! Kiboko naye akahamia mtoni, ndiyo maana hushinda majini, macho tu yako nje. Anawachungulia wanaopita na karatasi, asijue zimeandikwa nini.

— Hadithi imetoka?
— Imetoka!
— Kichwa juu au kichwa chini?
— Kichwa juu!
— Basi fundisho la Kiboko ni hili: wanangu, msisome. Kusoma kunachosha macho na kunachelewesha wateja. Chapeni tu! Letu sisi ni lile la Nguchiro: soma kwanza, ndipo uchape.

Ee, umeme huo umerudi. Wewe Msukume, mbona umeruka wa kwanza kwenye mashine? Rudi ukae. Wewe umeandika jina la mwalimu wako vibaya mara tatu, na mara ya nne umeandika la kwako. Kurasa zako zilizotoka kabla umeme haujakatika nilikuwa nazisoma wakati mnacheka.