Kobe Chali na Ufunguo wa Ghala

Wanangu, Mungu anisamehe. Nikiwa msichana nilimfinya sikio mdogo wangu Mwanakheri mpaka akakiri kuwa amekula sukari guru yangu. Jioni nikaikuta kwenye pindo la kanga yangu, nimeifunga mwenyewe.

Basi, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ghala na kufuli, ufunguo wa ghala la mahindi ulipotea. Watoto wa kijiji kizima hawakuwa wamekula tangu jana. Mzee Tembo, mtunza ufunguo, akamkamata Kobe kwa kuwa alionekana karibu na mlango. Akamlaza chali juani.

"Sema ufunguo ulipo."

"Uko mtoni," Kobe akalia.

Wanyama wakachakura mto, chubwi chubwi. Haupo.

"Uko kwenye kichuguu."

Wakakibomoa, pu pu pu. Haupo. Na Kobe anazidi kukauka.

Rafiki yake Kindi akateremka mtini, puruu. "Mzee, atakufa huyu."

"Kobe mmoja aumie, watoto mia wale," akasema Tembo. "Hesabu ndogo hiyo, bwana mdogo. Jua hili humtoa mtu ukweli."

"Kumbe maumivu hayakosei?"

"Hayakosei."

"Basi tuyapime kwako, babu. Wewe si huna hatia?"

Wanyama wote wakamkodolea macho. Tembo akaona haya kukataa.

Kindi akaleta siafu kwenye jani, akawamimina mkongani. "Nani ameiba ufunguo?"

"Sijui... aa... uwii... ni mimi. Nimeumeza."

"Ukiwa na nani?"

"Na bibi yangu. Alinishikia maji ya kuushushia."

"Bibi yako si tulimzika mwaka wa nzige?"

"Alifufuka! Watoe hawa!"

Fisi alicheka hadi akaanguka kwenye matope. Tembo akapiga chafya, chyaaa, siafu wote wakamwangukia Fisi, kicheko kikakoma.

Kindi akangoja Tembo apumue. "Sasa nakuuliza taratibu, babu. Jana ulipokwenda kuoga, ufunguo uliuweka wapi?"

"Niliutundika kwenye tawi la mkwaju, halafu..." Tembo akageuza macho upande wa mkwaju.

Wakaenda mkwajuni. Ufunguo huo hapo, unaning'inia.

Tembo mwenyewe akamgeuza Kobe kwa mkonga uliovimba. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nipe maji kwanza," akasema Kobe.

Maumivu humtoa mtu maneno, hayamtoi ukweli.

Nanyi, mkipotelewa na kitu nyumbani, tafadhali anzeni kutafuta mifukoni mwenu, na masikio ya wadogo zenu myaache.