Ngoma ya Chihembe Ilale Kwa Nani?

Kaeni. Anayetaka hadithi ya kubembelezea mtoto akaiombe kwa jirani. Hii yangu ina ugomvi toka mwanzo, na mwisho wake nitawatwisha ninyi.

Kijijini Chihembe, penye shule ya msingi moja na maneno mengi, waliishi watu watatu wenye vipaji. Bibi Chilewa alikuwa na sikio: akigonga ngozi ya ngoma kwa ukucha, alijua inaumwa nini. Mwalimu Ndahani alikuwa na subira: aliweza kumfundisha kuimba hata mtoto anayeona haya kuitikia jina lake. Nyemo, msichana wa darasa la tano, alikuwa na mkono: akishika mapigo, hayamtoki.

Na walichukiana kwelikweli. Bibi alimwita Mwalimu mwizi, kwa kuwa aliwafundisha wavulana ngoma za wanawake. Mwalimu alimwita Bibi mchoyo, tena mbele ya wazazi. Nyemo hutumia mkono wa kushoto. Bibi alimfukuza asiguse ngoma kwa mkono huo, na Mwalimu, kwa kuogopa maneno ya watu, akamweka mstari wa nyuma avae njuga. Mtoto hakuwasamehe, nami simlaumu.

Mwaka huo shule ilifeli hisabati vibaya. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mwaluko, akapata pa kutupia lawama.

"Shule ni ya kusoma, si ya kutikisa mabega," alisema. "Siku ya wazazi mtacheza. Mkituaibisha, kipindi cha muziki kinafutwa siku hiyohiyo."

Sasa sikilizeni nani alifanya nini.

Mwalimu Ndahani alifundisha mwaka mzima. Hakupewa darasa, alipewa kona nyuma ya stoo ya mahindi, na watoto arobaini. Koo lilipomuuma, alifundisha kwa makofi. Bila yeye pasingekuwa na wimbo.

Bibi Chilewa alikuja asubuhi ya siku yenyewe. Wavulana walikuwa wamezisahau ngoma nje, zikaloa umande, kosa la watu ambao hawajawahi kuwamba ngozi. Mwalimu akapiga moja, ikatoa sauti ya godoro. Bibi akafika bila kuitwa, ungo wa magunzi ya mahindi kichwani, akawasha moto.

"Bibi, shikamoo," Mwalimu alisema.

"Sijaja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya ngozi. Sogea."

Akazizungusha motoni moja moja mpaka zikakaza na kulia. Bila yeye pasingekuwa na ngoma.

Kisha Nyemo. Wimbo ulipofika katikati, wapambe wa Mwenyekiti wakaanza kuzomea. Mmoja akaokota gunzi, moja la yale ya Bibi yaliyobaki, akamtwanga nalo usoni mpiga ngoma kuu. Mvulana akakimbia analia, wengine wakamfuata. Nyemo akatoka nyuma na njuga zake, akaibana ngoma mapajani, akapiga kwa mkono wa kushoto.

"Rudi mstarini!" Mwalimu akafoka.

"Toa mkono huo!" Bibi akapiga kelele.

Nyemo akazidisha mapigo. Alipiga peke yake mpaka wenzake wakarudi, wazomeaji wakachoka, na kina mama wakasimama kucheza. Mwenyekiti akabaki kitini kama aliyemeza pilipili. Kipindi cha muziki kikapona.

Hapo ndipo Chibago, mchonga ngoma wa kijiji cha pili, alipoleta ngoma mpya uwanjani, kubwa, nzuri mpaka inaumiza.

"Ni ya yule ambaye bila yeye ngoma ya leo ingekufa," alisema. "Mmoja tu." Akaenda zake.

Na Chihembe wana desturi yao: ngoma kuu, na sasa ndiyo hii mpya, hulala nyumba moja, na mwenye nyumba ndiye anayefungua mchezo na kuamua nani aingie uwanjani. Hakuna zamu.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawa walivuta.

"Bila moto wangu mngepiga godoro!" Bibi alisema.

"Na bila wimbo wangu ungeota moto wako peke yako," Mwalimu akajibu.

Nyemo alikuwa ameshaishika. "Nyote wawili mliniambia niache. Ningewatii, sasa hivi mngekuwa mnalia."

Watu wakagawanyika, na matusi yakaanza. Ikilala kwa Bibi, atawafukuza wavulana wote na huyo wa mkono wa kushoto. Ikilala kwa Mwalimu, akipata uhamisho ataondoka nayo. Ikilala kwa Nyemo, wakubwa wameapa hawatacheza ngoma iliyofunguliwa na mtoto.

Basi ngoma ipo palepale katikati ya uwanja wa shule. Mikono mitatu imeishika na hakuna anayeachia. Wingu limeshuka kutoka mlimani, matone ya kwanza yameanza kuanguka, na nyote mmesikia maji yanaifanya nini ngozi. Watoto wengine wote wamesimama wanatazama wakubwa wao.

Usiniambie "wote watatu." Jibu hilo ni la mwoga, na mvua haisubiri. Nyumba ni moja, mlango ni mmoja. Wewe uliyekaa hapo ukinitumbulia macho: ungeipeleka kwa nani?