Makala Iliyotajwa Mara Mia Nne

Akina mama wenzangu, leo nawaletea mwanamke mmoja mtafiti, msomi hasa, wa kuvaa koti jeupe. Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa ya saratani ya koo, ile inayomfanya mtu ashindwe kumeza hata uji.

Siku moja mama mgonjwa alimjia mtafiti huyo. Mama yule alijua hatapona. Akamwambia, "Dokta, kata kipande huku kooni kwangu, ukifuge. Mimi nimechelewa, lakini nina binti."

Hebu tukae hapo kidogo. Mtu hawezi kumeza mate yake, na bado anawaza koo la mwingine.

Mtafiti akakifuga kile kipande kwenye chupa, ndani ya sanduku la joto. Seli, yaani vile vichembe vidogo vya mwili, hulishwa kama vifaranga, kila baada ya siku mbili. Zikaongezeka. Akazijaribia dawa, zile seli za saratani zikafa, akaandika makala. Ikasomwa dunia nzima. Kwa wasomi, mwenzako akiandika yake akataja yako, hiyo ni heshima, na huhesabiwa. Makala yake ilitajwa mara mia nne. Hospitali zikaanza kuandikisha wagonjwa wa kuijaribu ile dawa, na yeye akawekwa kwenye orodha ya kupewa uprofesa.

Wiki moja kabla ya kikao cha uprofesa, akazipima upya zile seli kwa ajili ya kazi nyingine. Hazikuwa za yule mama. Zilikuwa za mgonjwa wa nchi ya mbali, mwenye saratani nyingine kabisa, ambazo nazo alikuwa akizifuga kwenye chupa ya pili. Ndipo akakumbuka siku moja, miaka tisa nyuma, alipokuwa amechoka, akalisha chupa zote mbili kwa mrija mmoja. Tone moja lilitosha. Zile za kigeni zilikua haraka, zikazimaliza za yule mama kama magugu yanavyoumaliza mchicha.

Ninyi mngefanyaje? Nani angejua?

Alikwenda kwa mkuu wake, akamwambia anaifuta makala.

"Jana ulilala?" mkuu akamuuliza.

"Sikulala, mzee."

"Inaonekana. Watu mia nne wameitaja. Wote hao wajinga, wewe peke yako ndiye umeamka leo?"

"Wao hawakukosea. Walinifuata mimi."

"Ukiitoa hiyo, dada yangu, unabaki na nini? Vimakala viwili vya kusomwa na mumeo."

"Mume wangu hapendi kusoma, mzee. Na bado naifuta."

Akaifuta. Akaandika wazi kwamba mrija ulikuwa mmoja na mkono ulikuwa wake. Jaribio la dawa likasimamishwa. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya uprofesa. Kwenye mgahawa wa chuo, meza yake ikawa na viti vitupu. Ila mama anayefagia maabara alianza kumwachia chai kwenye chupa kila asubuhi.

Ukabaki mlango mmoja wa kugonga. Alimkuta binti wa yule marehemu anakoroga uji.

"Kipande cha mama yako kilinifia mikononi siku niliyochoka," akamwambia, "na mimi nikasifiwa kwa kitu kingine. Nimekuja kukuomba radhi."

Binti akaendelea kukoroga. "Walipokutangaza redioni niliwaita wanangu. Nikawaambia, bibi yenu yumo humo. Kumbe hayumo."

"Hayumo."

Binti akaepua sufuria, akaingia ndani, akatoka na kadi ya hospitali. Koo lake nalo lilikuwa limeanza kukwama. Katika orodha ya waliosubiri ile dawa, yeye alikuwa wa sita.

"Walituambia imesimama, hawakusema kwa nini," alisema. "Nikadhani kuna mtu katunyima."

Mtafiti akaisoma ile kadi. Kisha akasema, "Kesho nakupeleka mwenyewe. Ziko tiba nyingine."

"Tutakwenda. Na wakishanitazama, kata na kwangu." Akamimina uji kikombeni, akampa. "Lakini safari hii usichoke."

Sasa tuje kwetu. Mnaona? Watu mia nne walimtaja, na wote mia nne hawakumfaa yule binti kitu. Kilichomfaa ni aibu ya mtu mmoja aliyekubali kuibeba. Na sisi tunapenda kutajwa. Tunapenda jina lisomwe kwenye matangazo, jirani aseme, fulani ndiye aliyenielekeza. Je, tukielekeza vibaya, tunarudi?

Mimi nilimwambia jirani yangu asimpe mtoto maji akiharisha. Nilikwenda kliniki, nesi akanionyesha kwa upole kwamba maji ndiyo yanayomwokoa. Nilikaa siku nzima naona haya kurudi kwa yule jirani. Siku nzima, na mtoto anakauka. Nilipogonga, hakunicheka. Alinivutia kigoda, tukampa mtoto maji.

Basi nasema hivi, na anayetaka kunicheka acheke. Mimi sitaki tena sifa ambayo mtoto wa mwenzangu anaweza kuifia. Tukatae. Waondoe majina yetu kwenye orodha zao, wahamishe viti vyao. Kila mmoja hapa anaujua mlango anaouogopa. Tukitoka leo, kabla hatujapika, twende tukagonge.