Pango Lililokaribisha Bila Kuuliza Nani

Mnisamehe, wenzangu. Ngano hii naijua vibaya na nitaisimulia vibaya zaidi, lakini mmeshakaa.

Mbuzi pekee wa Bi Mwanakheri aliingia katika pango la mawe ya chokaa. Bibi akachungulia. Pango dogo, jeupe, na meno ya mawe yalining'inia juu yakidondosha maji ya uvuguvugu.

"Hodi?"

"Karibu."

Akasita. Mwenyeji gani hukaribisha kabla ya kuuliza nani?

"Hodi?"

"Karibu, mwanangu, pita ndani kabisa."

Shaka ikamzidi. Pango jema halipumui.

"Hodi. Nimejitwika mzigo, baba, hunipokei?"

Adabu ikalishinda zimwi. Likatoa ulimi kupokea mzigo, na juu ya ulimi kasimama mbuzi, kalowa chepechepe. Bibi akamnyakua, mbio.

Zimwi likaguna, "Kosa langu. Nani alinituma niongee chakula kikiwa mdomoni?"